Mgagani wa Mama Mkwe: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kutafuta Mbegu

Kisa ninachokichambua kilitokea katika bustani ya nyumbani kwangu, Goba, pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, na kilianza kwa jambo dogo ambalo hata sikuambiwa mwenyewe. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Singida mwezi wa Februari ili afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, akakaa nasi, na baada ya wiki mbili za mchicha, matembele na chainizi akamwambia binti yake, kwa kuwa heshima ya ukwe haikumruhusu kuniambia mimi, kwamba mboga za Dar ni laini mno na hazina ladha, na kwamba angefurahi kuonja mgagani mbichi hata mara moja. Alikuwa amekuja na mgagani mkavu ndani ya mfuko, ule unaochemshwa, ukaanikwa na kuwekwa akiba ya kiangazi, lakini mfuko ulikuwa unaelekea kwisha. Mke wangu akanifikishia ujumbe. Mimi nikaona hiyo ni kazi ya siku moja: bustani ninayo, maji ya kisima ninayo, kilichobaki ni kwenda dukani kununua mbegu. Mgagani wa kwanza uliingia jikoni kwetu Desemba.

Kwa wasioufahamu, mgagani ni mmea wa msimu mmoja unaosimama wima hadi kufikia mita moja au kuzidi, wenye jani lililogawanyika katika vijani vitano hivi vinavyokutana kwenye kikonyo kama vidole kwenye kiganja, shina lenye vinyweleo vinavyonata, ua jeupe lenye nyuzi ndefu zinazochomoza nje, na harufu kali ambayo aliyeizoea huitambua kabla hajauona mmea wenyewe. Wataalamu wa mimea waliuita Cleome gynandra kwa muda mrefu, na siku hizi wengi wao wanauita Gynandropsis gynandra. Waluo wanauita dek au akeyo, Wakisii chinsaga, Wakalenjini saget, sokoni Nairobi ni saga, na katika pwani ya Kenya utasikia mwangani. Ni mboga ya jua na joto. Majani yake hutengeneza chakula kwa njia ile ile ya mahindi na mtama, ndiyo maana hustawi mahali ambapo spinachi husinyaa kabla ya saa sita mchana. Ni chungu kidogo, na uchungu huo ndio wapenzi wake wanaoutafuta, ingawa wapo wanaoupunguza kwa kuchemsha na kumwaga maji ya kwanza, au kwa maziwa, au, kama wafanyavyo wengi wa mikoa ya kati, kwa karanga zilizotwangwa.

Nilianza na maduka matatu ya pembejeo. Mawili ya kwanza yalikuwa na mchicha, figiri, chainizi, sukuma wiki, spinachi na mnavu, na wauzaji wote wawili walinijibu kwamba mgagani haununuliwi mbegu, unaota wenyewe. Wakati ule niliona ni jibu la mtu asiyetaka kusumbuka. Leo naona kwamba lilikuwa na nusu ya ukweli wote wa kisa hiki. Sehemu nyingi za Tanzania mgagani huchumwa shambani kama gugu lenye faida: mvua zikishanyesha unajitokeza penye mbolea, kando ya mazizi na kwenye mahame, watu wanauchuma, na unaobaki unakomaa na kumwaga mbegu zake papo hapo. Mtu hanunui kinachoota bure, na mfanyabiashara haagizi asichonunuliwa. Magharibi mwa Kenya mambo yalikwenda njia nyingine, kwa sababu mboga hii iliingia sokoni ikawa zao la kupandwa, na makampuni ya mbegu yakaanza kuiweka katika pakiti. Mnavu nao ulipita njia hiyo hapa kwetu: zamani ulikuwa wa kuokota, leo una aina zilizosajiliwa kama Nduruma na Olevolosi, zilizotokana na kazi ya watafiti wa Tengeru mkoani Arusha, na ndiyo maana niliukuta dukani. Kwa hiyo ugumu wa kupata mbegu ya mboga fulani haumaanishi kwamba mboga yenyewe ni adimu. Mara nyingi unamaanisha kwamba hakuna aliyewahi kulazimika kuinunua.

Katika duka la tatu nilipata nilichodhani nakitafuta. Muuzaji alisikia neno mgagani, akaitikia bila kusita, akatoa kopo, akanipimia kwa kizibo cha soda, vizibo viwili. Nikapanda jioni ile ile. Siku ya nne miche ilikuwa imejaa tuta zima, na siku ya kumi na mbili hapakuwa na haja ya kumwuliza mtu: ulikuwa mchicha. Simlaumu sana muuzaji, kwa sababu huenda kwake neno mgagani lilikuwa na maana ya mboga yoyote ya kienyeji, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuitazama mbegu ninayoitafuta. Ningeitazama, nisingedanganyika hata dakika moja. Mbegu ya mchicha ni nyeusi, inang'aa, imebonyea pande mbili kama dengu ndogo, na ukiimwaga kiganjani inateleza na kukimbilia kwenye mikunjo. Mbegu ya mgagani haing'ai kabisa. Ni ya kahawia iliyoiva kuelekea weusi, mviringo wenye kovu upande mmoja, na juu yake kuna mistari ya mikunjo, hata ukiikuza kwa kamera ya simu unaona kitu kama konokono aliyejikunja. Ukiisugua kati ya vidole inakwaruza. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho matupu, dukani, kabla ya kutoa hela.

Mbegu ya kwenye kopo ilikuwa na kasoro nyingine ambayo ni ya kisheria. Sheria ya Mbegu Namba 18 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoweka utaratibu wa mbegu kukaguliwa, kupimwa uotaji na kuwekewa lebo kabla ya kuuzwa, na msimamizi wake ni Taasisi ya Kuthibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI. Mbegu isiyo na pakiti haina jina, haina tarehe wala asilimia ya uotaji, na mnunuzi hana pa kuanzia malalamiko yake. Hata hivyo, mtu akishikilia kwamba hatapanda chochote kisichokuwa na lebo, atakula mchicha na chainizi maisha yake yote, kwa sababu mboga nyingi za asili hazijaingia katika mfumo huo. Upo mlango wa kati, yaani mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo mkulima huzizalisha na kuziuza katika eneo lake chini ya ukaguzi. Ningeshauri kila mwenye bustani amuulize afisa ugani wa kata yake kama kuna kikundi kinachozalisha mbegu za mboga kwa utaratibu huo. Mimi sikuuliza, na nahesabu hilo miongoni mwa makosa yangu.

Hatua ya pili niliifanya kwa simu, nikiwa nimeketi. Nilitafuta mbegu mtandaoni kwa jina la Kiingereza nililolijua, lenye maana ya mmea wa buibui, na picha zilizojitokeza zilikuwa za mmea wa chungu wenye majani marefu yenye mistari myeupe, ule unaoning'inizwa barazani na kwenye ofisi. Jina ni moja, mimea haina hata undugu wa mbali. Nikaongeza neno Cleome, na mara hii majani yaliyotokea yalikuwa yenyewe kabisa: vijani vitano, kikonyo kirefu, nyuzi za ua zilizochomoza. Maua yalikuwa ya waridi badala ya meupe, lakini nilijiambia kwamba huenda ni aina nyingine. Muuzaji alikuwa hapa hapa mjini, pakiti ikaletwa na bodaboda, nikapanda mwanzoni mwa Machi.

Miche ilichelewa ikaja, na kufikia mwishoni mwa Aprili ilikuwa imefika magotini. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia na bado alikuwa na kitambaa. Siku moja asubuhi binti yake alimshika mkono akamtembeza bustanini, nami nikasimama kando nikisubiri kusifiwa. Hakuinama kutazama. Alishika shina kwa vidole viwili, akavipandisha juu taratibu, akavirudisha haraka.

"Baba, hii si yetu," aliniambia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulizungumza jambo hili na mimi moja kwa moja. "Hii ina miiba."

Ilikuwa nayo kweli, midogo, miwili miwili kwenye maungio ya vikonyo. Nilichokuwa nimepanda ni Cleome hassleriana, ua la mapambo lenye asili ya Amerika ya Kusini. Jina hilo lilikuwa limeandikwa nyuma ya pakiti tangu siku ya kwanza. Nilisoma neno la kwanza nikaridhika, wakati katika majina ya kitaalamu neno la kwanza ni la ukoo tu na la pili ndilo linalomtaja mwenyewe. Hapo muuzaji hakuwa na kosa lolote. Aliuza ua, akaandika ni ua gani, nami nikanunua mboga ambayo haikuwemo.

Katika kipindi hicho hicho ushauri ulikuwa mwingi. Mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa na safari ya Nairobi alijitolea kuniletea pakiti mbili mfukoni, nikakataa, kwa sababu mbegu inayovuka mpaka inahitaji kibali na cheti cha usafi wa mimea, na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 haitofautishi mfuko wa shati na kontena. Kuna waliocheka. Lakini magonjwa na wadudu husafiri pamoja na mbegu, na mwenye bustani ndogo hana kinga kuliko mwenye shamba kubwa. Rafiki mwingine alinitajia Kituo cha Mboga cha Dunia, ambacho kilianzishwa Taiwan mwaka 1971 kwa ajili ya mboga za Asia na kikafungua ofisi zake Arusha, huko Tengeru, mwaka 1992, na ambacho hazina yake ya mbegu ina mboga nyingi za asili za Afrika, mgagani ukiwemo. Ni mahali pa kujivunia. Hata hivyo, sampuli za benki ya mbegu ni za watafiti na wazalishaji wa mbegu bora, hutolewa kwa mikataba na kwa idadi ndogo, na kupeleka huko shida ya tuta moja la mkwe ni sawa na kwenda Benki Kuu kuvunja noti ya elfu tano.

Njia iliyofanikiwa, ingawa ilionekana kushindwa kabisa, ilikuwa ya simu moja ya mke wangu kwa mama yake mdogo aliyeko Singida. Siku tatu baadaye, mwanzoni mwa Mei, kondakta wa basi alinikabidhi kifundo cha kitambaa cha khanga kilichokazwa kwa uzi. Nilikifungua juu ya ungo. Ndani mlikuwa na maganda membamba marefu kama kidole cha kati, mengine makavu na yamepasuka, mengine bado ya manjano yenye rangi ya kijani kwenye ncha, pamoja na vipande vya majani, mchanga kidogo, mdudu mmoja aliyekuwa hai, na mbegu zenyewe zikiwa zimejikusanya chini ya kifundo. Harufu ilijaa sebule. Mama mkwe aliinua kichwa kutoka alipokuwa ameketi akasema ndiyo.

Nilipanda siku ile ile. Nilitayarisha matuta mawili ya mita moja kwa tatu, nikaweka samadi iliyooza vizuri, nikamwaga mbegu juu juu kama mchicha, nikafunika kwa udongo mdogo sana, na kumwagilia asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Iliota miche minne katika matuta yote mawili. Nikaanza kutafuta wa kumlaumu: joto la buti la basi, sisimizi, kichanga cha Goba, maji ya kisima yenye chumvi. Mama mkwe, akiwa tayari anajiandaa kurudi nyumbani mwezi wa Juni, alitoa kauli ambayo niliichukua kama faraja tu. Alisema kwao hawaupandi. Huanguka wenyewe kiangazi kinapoingia, hulala, na huamka mvua za mwaka mwingine zikinyesha. Mimi nikasikia kwamba mgagani hautaki kupandwa. Yeye alikuwa amenieleza, kwa maneno matatu, baiolojia yote ya mbegu ile: huanguka, hulala, huamka.

Nilikuja kulielewa hilo baadaye, kwa sahani na karatasi. Mbegu ya mgagani iliyotoka kuvunwa haioti, au huota chache tu, hata ukiipa maji, joto na udongo mzuri. Inahitaji kukaa miezi kadhaa baada ya kukomaa, mitatu kwa uchache na mara nyingi hadi sita, ndipo ikubali. Ukiifikiria Singida, ambako mvua ni za msimu mmoja na huishia kwenye Aprili au Mei, utaona akili iliyomo. Mbegu ambayo ingeota kwa manyunyu ya mwisho ya Mei ingekufa Juni bila kuacha kizazi, na waliobaki hadi leo ni watoto wa zile zilizosubiri. Pamoja na hilo, mwanga huizuia kuota, tofauti na mboga nyingi zenye mbegu ndogo, hivyo kuimwaga juu juu kama nilivyofanya kulikuwa ni kuongeza kosa juu ya kosa. Inataka kufukiwa kwa kina cha sentimita moja hivi, pasipo kuzidi sana, kwa kuwa ni ndogo na haina nguvu ya kutoka mbali.

Katika kifundo kile nilikuwa nimebakiza kama vijiko viwili. Nilihesabu mbegu 50, nikazilaza juu ya karatasi laini iliyolowa ndani ya sahani, nikafunika kwa sahani nyingine na kuiweka kabatini. Mwishoni mwa Mei ziliota 3. Zilizobaki kwenye kifundo nikazihifadhi, nikarudia jaribio katikati ya Agosti, zikaota 19. Mwanzoni mwa Novemba niliweka sahani mbili, moja kabatini na nyingine dirishani bila kifuniko, nikizilowesha sawa: ya kabatini iliota 41, ya dirishani haikufika nusu ya hiyo. Jaribio hili haligharimu chochote, na ningelifanya kabla ya kupanda, si baada, ningeokoa miezi yote ya kumwagilia udongo mtupu.

Kabla sijaendelea, lazima nieleze aibu moja. Wiki moja kabla ya kuondoka, mama mkwe alikwenda kumsalimu jirani mwenye ng'ombe, nyumba ya sita kutoka kwetu, na aliporudi alikuwa na tawi mkononi. Kando ya zizi, kwenye lundo la samadi ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nachukua mbolea, palikuwa na mgagani mmoja mkubwa uliokauka, maganda yote yakiwa yamekomaa. Alikuwa ameusikia kwa pua. Nilikuwa nimepita pale na toroli zaidi ya mara kumi. Tulichukua maganda yaliyobaki, tukayaweka kwenye chupa ya soda. Kuna watu wamenihoji kama ni salama kuchukua mbegu mahali kama pale. Mmea unaoota jalalani au kando ya barabara kuu sishauri mtu aule, kwa sababu hujui umenyonya nini, lakini mbegu yake ikioteshwa kwenye udongo wako mwenyewe, unachokula ni kilichokua kwako.

Mvua za vuli zilianza. Matuta mawili ya Mei nilikuwa nimeshayakatia tamaa na kuyapanda marando ya matembele, na katikati ya Novemba, kati ya mashina ya matembele, vilijitokeza vijani vitano vitano. Sikuwa nimepanda kitu. Ni mbegu zile zile za Mei, ambazo nilizihesabu kuwa zimekufa, zikiwa zimelala chini ya udongo niliougeuza bila kujua kwamba nilikuwa nazifukia kwa kina kilichofaa. Mama mkwe alirudi wiki hiyo kwa ajili ya jicho la pili, akayakuta.

Hapa ndipo uchambuzi wa kisa unaponipeleka mahali tofauti na nilipodhani. Kwa miezi mingi swali langu lilikuwa mbegu inapatikana wapi, na kila nilipojibiwa nilipata kitu ambacho si mgagani au mgagani ambao haukuota. Maswali mawili yaliyohitajika yalikuwa mengine. La kwanza ni mbegu yenyewe ikoje, kwa macho na kwa vidole, na hilo hulijibu mtu anayeila mboga hiyo, au jina kamili la kitaalamu likisomwa hadi mwisho. La pili ni ilivunwa lini. Sisi tumezoea kwamba mbegu bora ni mpya; kwa vitunguu hilo ni kweli kabisa, maana mbegu ya kitunguu huzeeka upesi. Kwa mgagani, mbegu iliyotoka shambani wiki iliyopita ndiyo mbaya kuliko zote utakazopewa, na aliyekupa kwa moyo mweupe atakuambia kwa fahari kwamba ameivuna jana. Upande wa pili nao upo: mbegu iliyokaa miaka kwenye kopo juu ya bati linalochemka hufa kama mbegu nyingine yoyote. Inayotakiwa ni ya msimu uliopita, iliyokaa pakavu.

Usingizi wa mbegu nao si wa namna moja. Mama mkwe alikuwa ametaja pia mlenda, na mlenda wa majani ambao wataalamu wanauita Corchorus olitorius una mbegu yenye ganda gumu lisilopitisha maji, ambayo kuisubiri tu hakutoshi. Inafungwa kwenye kitambaa, inachovywa kwa sekunde chache katika maji yaliyotoka kuchemka, kisha inatolewa na kupozwa mara moja. Nasema mlenda wa majani kwa makusudi, kwa kuwa jina mlenda limebeba mimea mingi isiyofanana, na ule wa unga wanaoutumia Wagogo na majirani zao mara nyingi ni wa jamii ya ufuta pori. Tena kuna mboga ambazo kuzitafutia mbegu ni kupoteza muda: matembele ni marando, kisamvu ni vipande vya shina, na mchunga wa pwani hujieneza kwa mizizi inayotambaa, kiasi kwamba kipande kimoja chenye jicho kinatosha na baada ya mwaka utakuwa unatafuta namna ya kuuzuia.

Desemba nilikuwa na mistari miwili ya mgagani, wa Singida na wa zizini, nao ulitofautiana kuliko nilivyotarajia. Ule wa zizini ulianza kutoa vikonyo vya maua mapema mno, kabla ya wiki ya tano, ukiwa na majani membamba. Wa Singida ulikuwa na shina lenye rangi ya zambarau, majani mapana, na ulichelewa kutoa maua kwa siku kumi hivi, na siku hizo ndizo zenye mboga. Mgagani hujichavusha wenyewe lakini nyuki nao huchanganya, kwa hiyo kuacha aina zote mbili zichanue pamoja kungeniletea mbegu ya mchanganyiko mwaka unaofuata. Wa zizini tuliula wote kabla haujachanua. Katika ule wa Singida nilichagua mashina manane yaliyochelewa zaidi kutoa maua, nikayafunga uzi mwekundu ili yasichumwe hata jani moja, na mengine yote tukawa tunayakata ncha kila baada ya siku chache, kwa sababu ukiondoa vikonyo vya maua mmea unaendelea kutoa matawi na majani. Hilo la uzi mwekundu lilizua mgogoro mdogo, maana mashina manane yaliyochaguliwa ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote, na mpishi hakuelewa kwa nini ale mabaya na mazuri yaachwe yazeeke.

Maganda huiva kuanzia chini kwenda juu na hupasuka yenyewe, hivyo anayesubiri shina lote likauke atavuna maganda matupu. Niliyachuma yakiwa ya manjano, mara mbili kwa wiki, nikayatandaza kivulini juu ya ungo uliofunikwa kitambaa chepesi. Yalipokauka niliyasugua kwa viganja na kupeta. Katika chupa niliweka kwanza mchele uliokaangwa hadi ukakauka kabisa na kupoa, ili unyonye unyevu, nikautenga na mbegu kwa kipande cha kitambaa, nikafunga kizibo. Mgagani ulipoiva kwa karanga siku ile ya kwanza, mama mkwe alikula bila kusema neno, akaongezewa, akala tena, kisha akamwambia binti yake kwamba chumvi ilizidi.

Chupa ina karatasi iliyobandikwa: wa Singida, umevunwa Januari, usipandwe kabla ya Julai. Jirani mwenye ng'ombe aliposikia kwamba mmea uliokuwa samadini kwake ni mboga ya kutafutwa kwa mabasi, alikuja Februari kuomba mbegu. Nilimpa kijiko kimoja, nikamsomea karatasi, nikamweleza habari za kulala na kuamka, akaitikia kila neno. Siku ya pili asubuhi nilipokwenda kuchukua samadi nilimkuta amepiga tuta kando ya zizi na anamwagilia.